Siku Niliyozuia Seva Isifutwe

Sijaomba radhi kwa nililolifanya siku ile, na siombi sasa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa kumbukumbu kwenye hospitali moja ya Mufindi, mwendo mfupi kutoka Igowole. Kwetu ni Mbeya, kwenye vilima vya Wasafwa, ambako wazazi wangu wanalima viazi na pareto. Diploma yangu ilikuwa ya kompyuta, lakini barua ya ajira ilisema karani, na karani ndivyo nilivyoitwa na kila mtu, kuanzia mganga mfawidhi mpaka mlinzi wa getini.

Mambo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, sikuyajua darasani. Nilijifunza kwenye chumba cha kupanga Mwanjelwa, kwa sababu laptop yangu ya mitumba ilikufa programu zake na sikuwa na namna ya kumpelekea fundi. Mwenzangu wa darasa alinipa flash yenye Linux, nikaisimika, nikaiharibu, nikaisimika tena. Chuoni mwalimu mmoja alikuwa anatuambia wasichana tukazanie kuchapa, haya mengine tuwaachie wenzetu. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, na nadhani aliliona hilo, maana mtihani wake wa mwisho alinisimamia kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote ukumbini. Nilifaulu.

Pale hospitali kulikuwa na mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulikaa kwenye seva moja, kompyuta nyeusi iliyowekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, jirani na maabara. Kompyuta zote za hospitali, za mapokezi, za madaktari, za dawa, zilikuwa zinauliza kila kitu kwenye mashine ile. Ufunguo wa chumba nilikuwa nao mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafagia humo na kufuta vumbi. Ufunguo wa pili ulikuwa wa mganga mfawidhi, ukapotea, na hakuna aliyeshughulika kuchonga mwingine.

Mfumo wenyewe ulisimikwa na kampuni moja ya Iringa mjini, na kila baada ya miezi michache walimtuma mtaalamu wao. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye vidole vyepesi kwenye kibodi, hana maneno mengi. Nilipomuuliza anafanya nini, alikuwa anainamisha skrini kidogo. "Dada, wewe usiguse," alikuwa ananiambia. "Ukiona kitu nipigie." Mara ya mwisho alikuja kwa sababu seva ilikuwa imejaa na mfumo umekuwa mzito. Alikaa nusu saa, akasema ameshusha mzigo, akaondoka. Kweli mfumo ukawa mwepesi, nikamsifu moyoni.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi, umeme ulikatika kuanzia asubuhi mpaka jioni. Betri ya akiba ilikuwa imechoka, seva ikazima. Umeme uliporudi ikawaka yenyewe, taa zake zote zikawa za kijani, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu ndani hakikuamka.

Jumatatu asubuhi tulijua. Mapokezi kulikuwa na foleni mpaka nje kwenye baridi, na kila kompyuta ilikuwa inasema imeshindwa kuunganishwa. Nikaenda kwenye seva nikaingia kwa jina langu, ambalo lilikuwa jina la mtumiaji wa kawaida lisilo na mamlaka.

Nieleze kidogo hapa, maana ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Kwenye Linux, programu inayofanya kazi chinichini bila kuonekana inaitwa huduma. Hifadhidata yetu, yaani ile sehemu inayotunza taarifa zote za wagonjwa, ilikuwa huduma mojawapo. Huduma ikishindwa kuanza, mashine haikai kimya. Inakwambia imeshindwa, halafu inakuelekeza sehemu mbili za kutazama: hali ya huduma yenyewe, na shajara ya mfumo, ambayo ni kumbukumbu ndefu ya kila kilichotokea kwenye mashine tangu ilipowaka. Kumbukumbu hizo ndizo watu wa kompyuta wanaita logi.

Nikatazama hali ya huduma. Kulikuwa na neno jekundu, failed, yaani imefeli, na chini yake mistari kumi ya maelezo, mingi imekatwa upande wa kulia kwa sababu skrini ni nyembamba. Nikajaribu kuiwasha mara moja, mashine ikanikatalia, haikuniruhusu hata kuomba. Nikafungua shajara. Hapo mashine ikanionya waziwazi kwamba kuna ujumbe mwingine ambao mimi, kwa cheo changu, siruhusiwi kuuona. Niliusoma mstari ule mara mbili. Nimewahi kuambiwa hivyo na watu, lakini kuambiwa na mashine niliyokuwa naifutia vumbi kulinichoma kweli.

Nikampigia mtaalamu. Akasema atafika kesho yake. Halafu akauliza kama kuna mtu amegusa kitu. Nikamwambia nimejaribu kuiwasha, ikakataa.

"Sasa hapo ndipo ulipoharibu," akasema.

Sijui alimwambia nani mwingine. Ninachojua ni kwamba mpaka mchana, hospitali nzima ilikuwa na habari kwamba karani ameharibu mfumo. Kantini, mtu wa maabara aliyekuwa ananikaribisha kwenye benchi lake kila siku aliniuliza nimewafanyia nini, akaendelea kula bila kungoja jibu. Nililala nikiwa na hasira, nikaamka nayo.

Jumanne mtaalamu alifika saa nne. Mganga mfawidhi mwenyewe alimsindikiza mpaka chumba cha seva, na mimi nikafungua mlango. Akakaa. Aliingia kwa neno la siri la msimamizi, lile lenye mamlaka yote, akatazama hali ya huduma, akaiwasha, ikakataa. Akaiwasha tena, ikakataa. Alifanya hivyo kama mara nne au tano. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikihesabu, na katika muda wote huo hakufungua shajara hata mara moja. Aliishia kwenye ile mistari kumi iliyokatwa.

Baada ya dakika kama kumi akageuza kiti. Alimwambia mganga kwamba hifadhidata imeharibika kwa ajili ya umeme na kwa ajili ya kuguswaguswa. Dawa yake ni kufomati seva, yaani kuifuta yote, kusimika kila kitu upya, kisha kurudisha bakapu, ile nakala ya akiba.

Mganga akaniuliza bakapu ya mwisho ni ya lini. Nikamwambia ukweli: miezi minane iliyopita. Diski ya bakapu iliharibika, niliandika kuomba nyingine mara tatu, na barua zangu zilikuwa kwenye faili lake. Akasema basi, taarifa za miezi minane zitaingizwa upya kutoka kwenye makaratasi, na karani atafanya kazi hiyo.

"Makaratasi hayapo, Daktari," nikamwambia. "Kliniki zote ziliacha kuandika kwenye karatasi mwaka jana. Ilitoka amri."

Akasema tufanyeje sasa, mtaalamu ndiye huyu.

Nikamgeukia mtaalamu nikamuuliza kosa limesemaje.

"Limesema imefeli."

"Imefeli kwa sababu gani?"

"Dada, sababu ni kwamba imefeli."

Mtu wa maabara, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka. Mtaalamu akainuka kwenda kuchukua flash ya kusimikia kwenye gari lake, na mganga akatoka naye mpaka kibarazani. Nikabaki peke yangu na ile mashine. Sikupanga kufanya nilichofanya. Nilitoka, nikavuta mlango, nikaufunga kwa ufunguo, nikautia ufunguo kwenye mfuko wa sketi, nikasimama pale pale.

Waliporudi, mganga aliniambia nifungue.

"Sifungui, Daktari, mpaka ijulikane imekataa kwa nini."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Kama ningekuwa sijui, ningeongea na huyu mtaalamu."

Mganga hakupaza sauti. Alisema taratibu kwamba huo ni ukaidi kazini, kwamba anaweza kuita mlinzi, kwamba nikumbuke nina wazazi wanaonitegemea. Mtaalamu alikuwa anachezea flash yake mkononi na kutazama pembeni. Watu walianza kujaa kwenye korido.

Ndipo matroni alipokuja. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali, mama wa Kiislamu wa Iringa mjini, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na biashara ya nguo na hakurudi tena. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi sote tuliokulia vilimani, na alikuwa anakitumia bila haraka.

Hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kwa ajili ya mama mmoja aliyetoka Mgololo na mtoto wake wa miaka sita mwenye kifafa. Mtoto alikuwa amelazwa mwezi uliopita, dozi yake ikabadilishwa mara mbili, na ile ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwenye mfumo tu. Kadi yake ilionyesha dozi ya zamani, ambayo haikumfaa. Daktari aliyembadilishia alikuwa amehamia mkoa mwingine na simu yake haipatikani.

"Mkiifuta hii," matroni akamuuliza mganga, "dozi ya mtoto huyu atanipa nani?"

Akamtazama mtaalamu, kisha akanitazama mimi, akauliza nahitaji muda gani. Nikakisia, nikasema mpaka saa nane. Mganga akatazama saa yake, akasema sawa, saa nane, lakini ikifika hiyo saa nitafungua mlango na kesho yake tutazungumza habari ya kazi yangu.

Sasa nilikuwa na mlango na muda, lakini sikuwa na mamlaka. Neno la siri la msimamizi, mtaalamu alikataa kunipa. Alisema ni sera ya kampuni. Nikakumbuka kwamba siku ya makabidhiano ya mfumo, nakala ya neno lile ilitiwa kwenye bahasha, ikafungwa kwa gundi na kupigwa mhuri, ikapewa matroni aitunze kwenye kabati la dawa za hatari. Nikamfuata ofisini kwake, nikamwomba.

"Kwangu mnaweka sumu na siri," akasema. Akafungua kabati, akaichana bahasha kwa kalamu, akanipa karatasi. "Nenda. Ukikosea, tumekosea wawili."

Mama wa Mgololo alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ile, mtoto amelala mapajani mwake. Nilipopita alinisalimia kwa salamu ya kwao, "Kamwene," kwa sauti ya mtu ambaye hajui kama anayemsalimia ndiye aliyeharibu mambo yake au anayekwenda kuyatengeneza. Nikaitikia, nikapita.

Nilijifungia chumbani saa tano na nusu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kosa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye faili la logi la hifadhidata yenyewe, maana kila programu kubwa huwa na faili lake pekee inamoandika matatizo yake. Nikalifungua, halikuwa na kitu. Si mstari, si herufi. Nikafikiri kumbukumbu zote zimefutika, na kwamba mtaalamu alikuwa sahihi. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikaona jinsi nitakavyorudi nyumbani. Mama yangu alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa kompyuta. Nikaona jinsi atakavyokaa kimya nikimweleza, akimenya viazi.

Kisha hasira ikarudi, na safari hii ilikuja na akili. Nikajiambia: hifadhidata imejaribu kuanza na ikakataa, na huduma hiyo huwashwa na mfumo. Hata kama programu imekosa pa kuandikia, mfumo umesikia. Nikafungua shajara ya mfumo, mara hii kwa mamlaka kamili, nikaomba maneno ya huduma ile tu. Mistari ikateremka kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe.

Ilikuwa mamia. Mfumo ulikuwa umejaribu kuiwasha huduma tangu Jumamosi jioni, na mtaalamu naye alikuwa ameongeza majaribio yake, kwa hiyo kosa lile lile lilikuwa limeandikwa na kurudiwa na kuchanganyika. Mstari wa mwisho ulisema kwa Kiingereza kwamba ombi la kuanza limerudiwa haraka mno. Ndio huo aliokuwa ameuona mtaalamu. Lakini ule haukuwa sababu. Mashine ilikuwa inasema tu kwamba imechoka kujaribu. Aliyekwishaanguka mara tano ukimuuliza kwa nini hasimami, atakwambia amechoka. Hatakwambia aliteleza wapi.

Nikaamua kufanya jaribio moja tu, langu. Nikafuta hesabu ya majaribio yaliyoshindikana, nikaandika saa na dakika kwenye daftari, nikaiamuru huduma ianze. Ikakataa, nikaiacha. Halafu nikaiambia shajara inipe maneno ya kuanzia dakika ile, si zaidi. Badala ya mamia, nikapata mistari kumi na minne. Nikapanda mpaka wa kwanza nikaanza kushuka na kidole kwenye skrini, kama ninavyomsomea bibi yangu barua.

Mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa na hifadhidata yenyewe. Ilisema imeshindwa kufungua faili lake la logi: ruhusa imekataliwa. Mstari wa nne ulisema inasitisha. Kumi iliyobaki ilikuwa kelele za kuanguka.

Nilisoma ile mistari miwili nikasimama. Nikaisoma tena kwa sauti. Haikusema popote kwamba taarifa zimeharibika. Ilikuwa haijafika hata kwenye taarifa. Ilikuwa imegota mlangoni, kwenye lile faili tupu nililokuwa nimelitazama na kukata tamaa.

Nikaomba kuona sifa za faili lile. Mmiliki wake: msimamizi, si hifadhidata. Ukubwa: sifuri. Tarehe ya kutengenezwa: siku ile ile mtaalamu alipokuja kushusha mzigo.

Picha yote ikanijia. Faili la logi lilikuwa limevimba na kujaza diski. Yeye alilifuta, akaweka jipya tupu mahali pake, lakini aliliweka kwa jina lake la msimamizi, na hakulikabidhi kwa hifadhidata. Siku ile hakuna kilichotokea, kwa sababu hifadhidata ilikuwa tayari imewaka na bado imeshikilia lile la zamani. Iliendelea hivyo wiki tatu. Umeme ulipokatika na kurudi, ikatafuta faili lake, ikakuta la mwingine, ikakataa kuanza. Kwa hiyo si umeme ulioharibu, wala si karani.

Nilitaka kutoka na kupiga kelele kwenye korido. Sikutoka. Nilijua kwamba nikikosea amri moja sasa, nitakuwa nimewapa walichokuwa wanakitaka. Nilikuwa na diski yangu ndogo ya nje, yenye picha za mahafali na nyimbo za kwaya. Nikazifuta zote, nikanakili humo folda nzima ya hifadhidata kama ilivyolala. Ilichukua dakika arobaini. Katika muda huo mtaalamu aligonga mlango.

"Dada, fungua tusaidiane," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Ngoja," nikamwambia.

Nakala ilipokamilika, nikaandika amri moja, ya kubadilisha mmiliki wa faili. Kisha nikaiwasha huduma. Kishale kikarudi chini bila neno. Kwenye Linux mara nyingi kimya ndiyo habari njema, lakini mimi kimya sikukiamini siku ile. Nikatazama hali. Inafanya kazi. Nikatazama tena baada ya dakika moja. Inafanya kazi. Nikaandika kwenye daftari, kwa mkono, mstari wa tatu na wa nne kama ilivyo, na jina la mmiliki, na tarehe. Kutoka mapokezi nikasikia dada mmoja akimwambia mwenzake imerudi.

Nilifungua mlango saa saba na dakika arobaini na tano.

Matroni hakuja kunipongeza. Alikuwa tayari ameshaketi kwenye kompyuta ya kliniki, anachapa dozi ya mtoto. Mama wa Mgololo aliipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka kifuani, akauliza kama bado ataliwahi gari la kurudi. Tukamwambia akienda sasa hivi atalipata. Akambeba mtoto akaenda.

Mganga na mtaalamu nilikutana nao koridoni. Niliwapa daftari. Mtaalamu alisoma muda mrefu kuliko mistari miwili inavyohitaji.

"Hii inaweza kutokea hata yenyewe," akasema.

"Faili halijibadilishi mmiliki lenyewe," nikasema. "Na tarehe ni hiyo hapo."

Mganga alitazama ukuta. Akasema cha muhimu ni kwamba wagonjwa wanahudumiwa, akaenda zake. Hakuna aliyeniomba radhi. Kantini siku ile mtu wa maabara alisogea kwenye benchi kunipa nafasi, nami nikaenda kukaa kwingine.

Alhamisi nikaletewa barua ya onyo. Makosa yalikuwa matatu: kukaidi amri, kufunga mlango wa ofisi ya umma, na kutumia neno la siri bila idhini. Chini kulikuwa na sehemu ya kusaini kwamba nimeyakubali makosa na kwamba najuta. Nilisaini kwamba nimeipokea. Lile neno la kujuta nililikata kwa kalamu nyekundu. Kisha nikaandika majibu, ukurasa mmoja na nusu. Sikumtukana mtu. Nilieleza kilichotokea saa kwa saa, nikaambatisha mistari kumi na minne, nikaambatisha nakala za barua zangu tatu za kuomba diski, na mwisho nikaandika kwamba hali kama ile ikitokea tena nitafanya vile vile, isipokuwa nitasoma shajara kabla ya kukata tamaa. Matroni aliandika yake, ya mistari miwili, kwamba bahasha aliifungua yeye.

Yalinyamaziwa. Diski mpya ilikuja mwezi ule ule, na nikapewa mamlaka kwenye seva kwa jina langu mwenyewe, bila bahasha. Cheo kilibaki karani. Nilifanya kazi pale miaka miwili zaidi, mpaka nilipopata nafasi Mbeya, na katika miaka hiyo niliwafundisha makarani wengine watatu, wanawake wawili na mwanaume mmoja, kusoma shajara. Niliwaambia wasikubali neno "imefeli" kutoka kwa mtu yeyote, hata kwangu. Wafanye jaribio moja, waandike saa, waombe maneno ya kuanzia saa ile, wapande juu. Mmoja aliniuliza kama hilo ni jambo la kiufundi au ni tabia. Nikamwambia sijui.

Mwaka jana simu yangu iliita nikiwa Uyole. Ilikuwa namba nisiyoijua, lakini sauti ya mtaalamu niliitambua kabla hajajitaja. Alikuwa bado na kampuni ile. Alikuwa kwenye hospitali nyingine, upande wa Ubaruku, na mfumo ulikuwa umelala tangu asubuhi.

"Dada, imefeli," akasema.

"Imesemaje?"

Akanisomea. Ulikuwa mstari ule ule, wa ombi kurudiwa haraka mno. Nikamwambia huo ni wa mwisho, afanye jaribio moja na apande juu. Nikasikia kibodi. Ilipita kama dakika mbili. Kisha akasema ameuona. Mwenzake mmoja wa kampuni alikuwa amebadilisha mpangilio wiki iliyopita na kuacha alama moja pungufu kwenye faili. Mashine ilikuwa imetaja hata namba ya mstari.

Akanishukuru. Alisema ngoja arekebishe haraka, watu wamejaa.

"Kabla hujarekebisha," nikamwambia, "wameshamlaumu nani hapo?"

Akasema kuna karani mmoja, binti, alikuwa amezima na kuwasha.

"Nenda kamwambie kwamba si yeye. Mbele ya hao waliojaa."

"Dada, nitamwambia nikimaliza."

"Kamwambie sasa. Simu usikate."

Nilisikia kiti kikisukumwa, kisha mlango.